Kola Iliyoshonwa Upande

Odília alikuwa mdomo wa mama yake. Kila alasiri akirudi shuleni alitua mkoba, akala mkate kwa jibini, kisha akafungua barua na kuzieleza kwa Kireno: hii ya umeme, hii ya maji, hii ya kanisa. Watoto wengi wa mtaa wao huko Fall River, Marekani, walifanya kazi hiyo. Wazazi wao walitoka visiwa vya Azori, Ureno, wakiwa watu wazima, na Kiingereza kiliwapiga chenga.

Mama yake, Deolinda, alishona kola katika kiwanda cha makoti tangu Odília hajazaliwa. Kisha makoti ya ng'ambo yakajaa madukani kwa bei ya kutupa, na kiwanda kikafungwa. Serikali ilikuwa na msaada kwa waliopoteza kazi kwa njia hiyo: iliwalipia masomo, ikawapa na posho kila juma maadamu wanasoma. Aliyeshindwa masomo alikatiwa posho. Baba yake Odília alikuwa amefariki, na posho hiyo ndiyo iliyoinjika chungu nyumbani kwao.

Sasa Deolinda alisoma kozi ya ukarani. Kila siku alirudi akiwa ameshika kichwa.

"Mwalimu anasema Ijumaa kuna mtihani," alimwambia jirani yake Idalina, aliyekuwa akishona naye benchi moja. "Nikianguka, wananitoa. Nakwambia shoga, kichwa changu kimekuwa jiwe. Afadhali niache mapema, nikatafute kazi ya kusafisha samaki."

Idalina alicheka huku akipanga maua mezani. Juma hilo taji la Roho Mtakatifu lilikuwa nyumbani kwa Deolinda. Kila mwaka baada ya Pasaka lilizunguka nyumba kwa nyumba kwa kura, na majirani walikuja kusali rozari mbele yake kila jioni.

"Nani alikutuma ujifanye msomi?" Idalina alitania. "Mimi nimewekwa darasa la kwanza kabisa la Kiingereza. Naimba ei, bi, si kama mtoto wa chekechea, na posho ni ileile! Tena mwalimu akinisifu, navimba kama mkate wa sikukuu."

Deolinda hakucheka. "Idalina, mimi na wewe sote tuliishia darasa la nne kijijini. Mbona mimi hawakunipeleka huko?"

Odília alikuwa akifuta sahani. Sahani ikamponyoka, ikavunjika.

"Mikono ya siagi hiyo!" Idalina akasema. Lakini Deolinda alimtazama binti yake usoni.

Jioni ile majirani walijaa sebuleni. Ilipofika zamu ya Odília kuongoza sala, alitazama lile taji la fedha kati ya mishumaa na maua, akaacha sala katikati. Idalina alilazimika kumpokea. Watu walipokwisha kuondoka, Odília alibaki amesimama karibu na mlango.

"Mama, ni mimi."

"Wewe ndiye nini?"

"Siku ile ofisini, tulipokwenda kuomba msaada, yule mama alipouliza umesoma hadi wapi, wewe ulisema darasa la nne, halafu babu akakutoa shule ukakamue ng'ombe. Mimi nikamwambia umemaliza sekondari. Nyuma yetu kwenye foleni alikuwapo Karen wa darasani kwetu, na baba yake. Sikutaka asikie. Ndiyo maana walikuweka ukarani."

Deolinda aliketi. 

"Ulinionea haya," alisema.

"Mama, nisamehe."

"Miezi hii yote nimejiona mjinga, Odília. Nimeomba hapa, mbele ya taji hili, Mungu anifungue akili. Na wewe ulikuwa unanisikia." Alifuta macho kwa ncha ya aproni. "Kesho tutakwenda. Mdomo uliosema uongo ndio utakaosema kweli."

Ofisini walimkuta yule mama, Bi Tetreault, mnene mwenye miwani, ambaye hakupenda kupotezewa muda. Odília alieleza yote kwa Kiingereza. Foleni ilikuwa ndefu kuliko siku ile ya kwanza, na safari hii hakugeuka kuangalia ni nani aliyekuwa nyuma yake.

"Kwa hiyo mama yako alisoma hadi wapi?" Bi Tetreault aliuliza.

Odília alifungua kinywa, lakini Deolinda alimgusa bega. Alisogea mbele, akasema mwenyewe, polepole, kwa Kiingereza alichokiokota darasani:

"Mimi. Shule. Miaka minne."

Bi Tetreault alivua miwani. "Asante, mama," alisema, safari hii akimtazama Deolinda, si mtoto. "Hukushindwa masomo. Uliwekwa mahali pasipo pako. Nitakuhamishia Kiingereza cha mwanzo, na posho itaendelea. Ila msaada huu una mwisho wake, na miezi iliyopotea siwezi kukurudishia. Kozi ya ukarani huenda usiifikie." Odília alipokwisha kutafsiri, Bi Tetreault akamgeukia yeye. "Na wewe, binti, mkalimani habebi aibu yake. Hubeba maneno ya mwenziwe, basi."

Walirudi nyumbani kwa miguu, wakapita mbele ya kiwanda kilichofungwa. Deolinda alisimama kidogo pale getini.

"Humu ndani, kola ikishonwa upande, furushi lote la kola lilirudishwa kwako," alisema. "Wapo walioivuta kwa pasi ili ionekane sawa. Koti likivaliwa, upande unaonekana palepale. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Dawa yake ilikuwa moja tu: ufumue hadi mshono wa kwanza, uanze upya, na muda uliopotea hulipwi. Sioni haya kwa darasa la nne, mwanangu. Huo ndio mshono wangu wa kwanza. Usiufiche tena."

"Sitauficha, Mama."

Jumatatu, Odília alipotoka shuleni, barua zilikuwa mezani, tayari zimefunguliwa. Deolinda alikuwa ameinamia ile ya umeme, kidole kikifuata herufi moja moja.

"Subiri," alisema bila kuinua kichwa. "Hii niache nijaribu mwenyewe."