Likizo Kwenye Chumba cha Pasi

Kila asubuhi nyumba ya mama mkubwa iliamka kabla ya watu wake. Mashine za kufulia zilianza kunguruma kwenye chumba cha chini, sakafu ikatetemeka, vikombe vikagongana kabatini, na hapo hakuna aliyeweza kulala tena. Kiguu alikuwa wa kwanza kushuka kitandani. Alikimbilia dirishani, akapanda juu ya kiti, akanyoosha shingo. Kati ya paa la jirani na tangi la maji palionekana kipande cha bahari, kidogo tu, lakini kilimtosha kumtia wazimu.

"Mama, leo tunakwenda?" aliuliza. Alikuwa amekwisha kuvaa nguo ya kuogelea ndani ya gauni.

"Kesho, mwanangu."

Hiyo kesho nayo ilikuwa na miguu. Kila Kiguu alipoikaribia, ilisogea mbele.

Jina lenyewe la Kiguu lilitokana na kiguu na njia, kwa sababu tangu alipojifunza kutembea hakuwahi kutulia. Mwalimu wake alisema kwamba kama kiti cha Kiguu kingekuwa na ulimi, kingeomba uhamisho. Sasa alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, yuko likizo katika nchi ya watu, hatua chache kutoka baharini, na kazi yake ilikuwa kukung'uta mchanga kwenye mataulo ya wageni.

Mama mkubwa alikuwa dobi. Alifua mashuka, foronya na mataulo ya nyumba za wageni zilizopanga mstari ufukweni. Kila kitu kilifika kwake kikiwa na mchanga, na mchanga ukiingia kwenye mashine huila taratibu mpaka ife. Kwa hiyo, kabla ya kufua, kila taulo lilipaswa kukung'utwa uani. Kazi hiyo waliifanya Kiguu na binti wa mama mkubwa, aliyeitwa Chiriku. Chiriku alikuwa akisema tangu anapofumbua macho mpaka anapoyafumba. Ukimwambia neno asubuhi, mchana muuza duka anakuuliza habari zake.

Ndiyo maana Kiguu hakuweza kumwambia Chiriku kilichokuwa kinamkosesha raha. Si bahari peke yake iliyomsumbua. Alikuwa na siri, na siri ile ilikuwa ya mama yake.

Wiki chache kabla ya safari, mama alizimia kidogo jikoni kwao. Daktari alimpima, akatikisa kichwa. "Presha yako iko juu mno," alisema. "Utameza dawa hizi kila siku. Punguza chumvi, usisimame muda mrefu kwenye joto, na zaidi ya yote upumzike. Huna ndugu mahali penye hewa nzuri?"

"Nina dada yangu, nje ya nchi, karibu na bahari," mama alijibu.

"Basi nenda ukakae kwake. Ukae kweli."

Wakafunga mizigo. Walipokuwa kwenye foleni mpakani wakisubiri pasipoti zao zigongwe mihuri, mama alimvuta Kiguu pembeni.

"Mama mkubwa wako asijue habari ya presha. Akijua, ataacha kazi zake anishughulikie mimi. Kisha atampigia bibi yako simu, na bibi hatapata usingizi. Niahidi."

"Naahidi, mama," Kiguu alisema haraka haraka, kwa sababu foleni ilikuwa inasogea.

Siku mbili za kwanza mama alikaa kweli. Mama mkubwa alimletea chai kitandani, akamzuia hata kuosha kijiko. Siku ya tatu mama akashuka kwenye chumba cha pasi, akapiga makofi.

"Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe! Haya, dada, jembe langu liko wapi?"

"Hebu ondoka hapa!" mama mkubwa alisema akicheka. "Umekuja kupumzika wewe."

"Nipumzike vipi wewe umesimama? Umenibeba mgongoni, umenifulia sare za shule kabla hujafua zako. Leo nikutazame tu?"

Mama mkubwa alikataa mara ya pili, lakini kwa sauti ya mtu anayetaka kubembelezwa. Msaidizi wake alikuwa amekwenda kujifungua, na mashuka yalikuwa yamefika karibu na dari. Mama akashika pasi. Tangu hapo hakuiacha.

Chumba kile kilikuwa na dirisha moja, meza ndefu, na pasi mbili kubwa za mvuke zilizokoroma mchana kutwa. Joto lake lilikupokea mlangoni. Madada wawili walisimama bega kwa bega wakipiga pasi, wakikumbushana utoto wao, wakicheka mpaka wanajishika mbavu. Kiguu alipita mlangoni kila mara na kuchungulia. Alipenda kumwona mama akicheka, ila hakupenda alichokiona chini ya meza. Miguu ya mama ilikuwa inavimba. Jioni kamba za viatu ziliacha alama kwenye ngozi.

Siku moja akafungua mkoba wa mama. Pakiti ya vidonge ilikuwa vilevile tangu walipofika.

"Mama, dawa humezi?"

"Sauti!" mama alinong'ona, akatazama mlango. "Dawa ile inanipeleka msalani kila mara. Nitakuwa naacha pasi na kurudi, naacha pasi na kurudi, dada ataniuliza nini? Tukirudi nyumbani nitaimeza."

Mezani nako mambo yalikuwa yaleyale. Mama mkubwa alipenda chumvi, na mama alikula kila alichopakuliwa asije akamvunja moyo. Kiguu alimtazama akimeza kila tonge, akasukuma sahani yake kando.

Mchana mmoja mama mkubwa alimkuta mama amejilaza kwenye marundo ya mataulo.

"Mbona mama yako analala mchana?" alimuuliza Kiguu.

Kiguu akatafuta la kusema. "Mbu, mama mkubwa. Usiku mbu wanamsumbua."

Jioni hiyohiyo mama mkubwa alinunua chandarua kipya, akapanda juu ya kiti na kukifunga mwenyewe, huku akiomba radhi kana kwamba mbu amewafuga yeye. Kiguu alishikilia kiti kile na uso unamwaka kwa aibu. Uongo alioutoa kwa dakika moja sasa ulikuwa unaning'inia juu ya kitanda.

Kisha ikaja habari iliyozidi kumvuruga. Nyumba kubwa ya wageni ilikuwa inapokea kundi la watu wa mkutano, na ikataka mashuka yake yote yafuliwe na kukabidhiwa Jumamosi asubuhi. Kwa kawaida mama mkubwa angekataa kazi ya ukubwa ule. Safari hii alimtazama mdogo wake, akauliza, "Tutaweza?"

"Sisi? Tutaweza na zaidi," mama akajibu.

"Basi sikilizeni, watoto," mama mkubwa alitangaza. "Jumamosi tukishakabidhi mzigo, tunafunga mlango, wote tunakwenda pwani. Kutwa nzima!"

Chiriku alipiga kelele mpaka jirani akauliza kulikoni. Kiguu naye aliruka, lakini miguu ilipogusa chini moyo haukutulia. Aliona njia mbili mbele yake. Akisema ukweli, mama atapelekwa hospitali, kazi itaharibika, na pwani itakufa. Akinyamaza, Jumamosi itafika. Zimebaki siku chache tu, alijiambia. Mama amevumilia mpaka sasa, atavumilia mpaka Jumamosi.

Hakujipenda kabisa alipofikiri hivyo. Akaenda uani, akakung'uta mataulo kwa hasira, mpaka Chiriku akauliza taulo limemkosea nini.

Ijumaa joto lilikuwa kali tangu asubuhi. Mashine hazikupumzika. Mama mkubwa alikuwa anakunja mashuka, na mashuka makubwa hayakunjwi na mtu mmoja. Wanasimama wawili wakitazamana, kila mmoja ameshika pembe mbili. Wanavuta mpaka kitambaa kinyooke, kisha wanakutana, mmoja anakabidhi pembe zake, wanarudi nyuma, wanavuta tena. Ukivuta kwa uzembe, mwenzako anahisi mikononi.

"Kiguu, njoo unisaidie," mama mkubwa aliita. "Leo mama yako mikono yake haina nguvu. Nikivuta, shuka linamponyoka. Nimemwambia abaki na pasi."

Kiguu akashika pembe zake. Walivuta, wakakutana. Kila walipokutana, uso wa mama mkubwa ulikuwa mbele yake kabisa, karibu kugusana, ukiwa umechoka na unatabasamu. Kiguu akatazama chini. Nyuma ya mama mkubwa alimwona mama ameweka pasi, ameshika ukingo wa meza kwa mikono yote miwili, amefumba macho.

"Mama, vipi?" Kiguu akauliza.

"Kichwa tu," mama alijibu bila kufumbua macho. "Naona nyotanyota. Zitapita."

"Joto hilo," mama mkubwa alisema. "Kunywa maji. Haya, Kiguu, vuta."

Kiguu hakuvuta. Alibaki ameshika pembe za shuka.

"Mama mkubwa, si joto. Mama ana presha. Daktari alimwambia apumzike, ndiyo maana tulikuja. Na dawa hamezi. Na habari ya mbu ilikuwa uongo."

"Kiguu!" mama aliita. "Si uliniahidi?"

"Niliahidi, mama. Lakini naogopa!" Akaangua kilio.

Mama mkubwa aliachia shuka. Shuka jeupe, lililofuliwa na kupigwa pasi, likaanguka sakafuni, naye akalikanyaga akimkimbilia mdogo wake. Alimkalisha kwenye kiti, akazima pasi zote mbili. Chiriku, kwa mara ya kwanza katika maisha yake, hakusema neno. Alitoka mbio kutafuta teksi.

Zahanati ilikuwa mtaa wa pili. Muuguzi alimfunga mama kipimo mkononi, akatazama, kisha akapima tena kwa mkono mwingine.

"Dawa unameza?"

Mama alitazama pembeni. Kisha akasema polepole, "Niliacha."

"Tangu lini?"

"Tangu nilipofika kwa dada."

Muuguzi akamwita daktari. Mama alipewa dawa, akalazwa kwenye kitanda karibu na dirisha, na wengine wakaambiwa wasubiri kwenye benchi nje. Kiguu alikaa, akasimama, akakaa. Alitembea kutoka mlango mpaka ukuta, akarudi. Alikuwa na hakika mama hatamsamehe, na alikuwa na hofu nyingine kubwa kuliko hiyo ambayo hakuthubutu kuitaja.

Mwishowe daktari akatoka. "Inashuka," alisema. "Mmefanya vyema kumleta sasa. Angeendelea kusimama kwenye joto lile kwa presha ile, angeweza kupata kiharusi. Nani aliyegundua?"

Mama mkubwa alimwonyesha Kiguu kwa kidevu. Kiguu akaficha uso.

Walipoingia, mama alikuwa ameegemea mto. Mama mkubwa akavuta kiti, akakaa, na kwa muda akawa anayatazama mashuka ya zahanati, maana dobi ni dobi. Kisha akasema:

"Nimepiga simu kwenye nyumba ya wageni. Nimewaambia nusu ya mzigo kesho, nusu Jumatatu. Wamenung'unika, wakakubali. Umeona? Ulikuwa unajiua kwa kitu cha kusuluhishwa kwa simu moja."

"Dada, sikutaka kukusumbua."

"Usinisumbue?" Sauti ya mama mkubwa ilikatika. "Mficha maradhi kilio humuumbua. Umenificha ili nisihangaike, nami nikakupakulia chumvi kwa mkono wangu mwenyewe. Nikakusimamisha kwenye mvuke. Ungeanguka pale, mimi ningemwambia nini mama yetu? Ningeishije? Heshima gani hiyo ya kumfanya dada yako akuue bila kujua?"

Mama akaanza kulia. Wakashikana mikono.

Kisha mama mkubwa akamgeukia Kiguu. "Njoo hapa. Nawe ulidanganya habari ya mbu, na hilo usilirudie. Ila sikiliza. Mtoto akipewa siri, aipime kwanza. Ajiulize, siri hii ikikaa ndani, kuna mtu ataumia? Kama hakuna, aitunze mpaka azeeke nayo. Kama yupo, basi huo si mzigo wa mtoto. Autue kwa mtu mzima, hata kama mwenye siri atamkasirikia."

"Mama amenikasirikia," Kiguu alisema kwa sauti ndogo.

Mama akanyoosha mkono, akamvuta mpaka kitandani. "Nilikasirika, ndiyo. Sasa naona haya. Nilikubebesha kitu ambacho mimi mwenyewe kilinishinda. Ulikuwa unaitaka pwani, na ulijua ukisema utaikosa."

Kiguu aliitikia kwa kichwa.

"Na bado ukasema," mama alisema. Akafuta machozi, akamtazama dada yake. "Nipe hiyo simu. Nataka kumpigia mama."

"Nimpigie mimi, nimweleze taratibu?"

"Hapana. Ugonjwa ni wangu, nitausema mwenyewe."

Simu ikaita. Kiguu alikaa ukingoni mwa kitanda, miguu yake imetulia sakafuni, akamsikia mama akisema, "Shikamoo, mama. Keti kwanza. Nina jambo nililokuficha."