Mtoto Wangu Aliniita Yaya

Nina miaka thelathini na sita, naishi Ruashi, nimezaa watoto watatu. Majirani wanajua wawili tu. Nihukumuni, lakini kwanza nisikilizeni.

Bea nilimzaa nikiwa bado mwanafunzi, kule Pweto. Mama yangu alimlea, kwa hiyo mtoto akamwita bibi yake mama, na mimi akaniita yaya, dada mkubwa. Kwetu jambo hilo halimshangazi mtu.

Kisha nikapata mchumba, mfanyabiashara wa Kivu, mpole, mtu wa kanisa. Siku ya mahari wazee wake wakauliza kama nimeshazaa. Shangazi yangu akanikanyaga mguu... nikasema hapana. Nilikana tumbo langu mwenyewe mbele ya watu!

Mama alipofariki, Bea akaja kukaa na mimi na mume wangu kama mdogo wangu. Miaka minne nilimsuka, nilimuuguza, na kila akiniita yaya moyo uliniuma. Nitasema kesho, nilijiambia. Kesho gani hiyo?

Jumapili moja tukawa tunatazama filamu ya zamani ya Wafaransa, ya picha nyeusi na nyeupe. Mama anamwacha mtoto mlangoni kwa masista. Miaka inapita, anarudi hapo kufua nguo, anamwona mwanawe kila siku na hasemi kitu... Nilipogeuka, Bea alikuwa ananitazama mimi.

"Yaya," akauliza taratibu, "ule mama iko nangojea nini?"

Mume wangu naye akanigeukia.

"Ni filme tu," nikasema. "Uzime."

Bea akazima. Alhamisi akapanda lori la wauza samaki, akarudi Pweto kwa mjomba.

Ndipo mume wangu aliponieleza. Yeye na Bea walipotafuta karatasi za Bea za mtihani wa serikali, waliona kadi ya ubatizo ya Bea, na jina langu mahali pa mama. Hakukasirika. Walikubaliana waniache niseme mwenyewe.

"Tulikungojea mwaka muzima," alisema, akaenda kulala.

Nilimpigia Bea simu nikilia. Nikamwambia mimi ni mama yake.

"Nimesikia, yaya," akajibu.

Dada zangu mnaoficha mtoto, nawaomba, semeni leo, akiwa bado anauliza. Mimi niliogopa ndoa itavunjika. Ndoa ninayo mpaka sasa.