Kijitabu Kilichoanza na Mbili

Mume wangu Ogeto alifariki siku ya Alhamisi. Jumanne iliyofuata nilishuka Ekerenyo kuchapisha kijitabu cha mazishi. Nilibeba daftari la shemeji yangu Angwenyi, ambamo alikuwa ameandika wasifu wa marehemu kwa mkono, na picha moja ya Ogeto akiwa amevaa tai yake ya uzee wa kanisa. Asubuhi ilikuwa njema. Watu walikuwa wanapeleka majani chai kwenye kituo cha kupimia. Kila niliyekutana naye alinipa pole, nami nikashukuru.

Duka la kuchapa ni la dada anayeitwa Pam. Yeye si wa kwetu, anatoka upande wa ziwa, lakini amekaa Ekerenyo mpaka anajua majina ya ng'ombe wa watu. Tunaongea naye Kiswahili.

"Pole, Mama Cynthia," aliniambia. "Kurasa ngapi?"

"Nane, na kava."

"Nyinyi na vitabu vyenu vya mazishi. Kwetu mtu akifa tunatafuta kwanza spika."

"Na sisi tunatafuta chai," nikamjibu.

Tulicheka kidogo. Sikuwa nimecheka tangu Alhamisi.

Pam anaandika haraka. Alipofika mahali pa wazazi alisimama.

"Hapa mmesema mwana wa marehemu Mzee Anyona. Na mama yake?"

"Andika hivyo hivyo."

"Mama, mtu hazaliwi na baba peke yake."

"Pam. Andika hivyo hivyo."

Aliniangalia, akaendelea. Mama mkwe wangu aliitwa Bonareri. Kwa miaka kumi na mmoja hakuna aliyetamka jina hilo nyumbani kwetu. Hata binti yangu Cynthia alipojifungua msichana, ambaye kwa desturi yetu angeitwa jina hilo, tulimwita Mitchell.

Kazi iliyobaki ilikuwa nambari za kurasa. Kamati ilitaka kava isiwe na nambari, na moja ianzie kwenye utaratibu wa ibada, ili mzee wa kanisa awaambie watu wafungue wapi. Pam alinieleza akifanya. Kompyuta huhesabu kava hata nambari yake ikifichwa. "Ukificha nambari, ukurasa bado umehesabiwa," alisema. Kwa hiyo unaikata hati vipande viwili, kava peke yake na kurasa nyingine peke yake, halafu unakiambia kipande cha pili kianze na moja.

Alikiambia. Kwenye kioo cha kompyuta niliona mwenyewe, moja mpaka nane. Akachapa nakala ya kujaribu.

Karatasi zilitoka na nambari mbili mpaka tisa.

"Mashine yangu leo imeamka vibaya," Pam alisema. Akafuta nambari zote, akaziweka upya. Moja kwenye kioo, mbili kwenye karatasi. Akaihamisha kazi yote kwenye faili jipya. Mbili. Akaniambia, akitabasamu, kwamba pengine marehemu hataki kuwa wa kwanza. Mimi sikutabasamu. Nilikuwa natazama pembe ya chini ya kioo, mahali kompyuta inapoandika kurasa ziko ngapi. Pamoja na kava zilipaswa kuwa tisa. Iliandika kumi.

"Pam, ukurasa wa kumi ni upi?"

Alihesabu kwa kidole. Akahesabu tena.

"Ngoja niiambie ichape ukurasa wa kwanza peke yake," alisema.

Printa ilivuta karatasi moja. Ilikuwa nyeupe, haina neno. Chini, katikati, kulikuwa na nambari tu: moja.

Hapo ndipo mvua ya mawe ilipoanza. Ilikuwa saa nane mchana, na kwetu mvua ya mchana si ajabu. Mawe yalikuwa yanarukia ndani mpaka kwenye waya za umeme, Pam akavuta mlango wa chuma akaufunga. Ndani kukawa giza. Stima ikapotea, taa ikazimika.

Katikati ya kelele ya mabati nikasikia kufuli likibanwa nje ya mlango. Mlio mdogo. Kach.

Pam aliusikia pia. Akasukuma mlango. Haukufunguka.

"Nani huyo?" akaita. "Tuko ndani!"

Akasukuma kwa bega. Nikamsaidia. Mlango ulikuwa mgumu kama ukuta.

Kisha printa ikavuta karatasi.

Stima haikuwepo. Niliona waya wa printa ukining'inia, Pam alikuwa ameuchomoa kwa kuogopa maji ya mvua. Printa ikavuta karatasi. Nyeupe, nambari moja. Ikavuta nyingine. Nambari moja. Nyingine. Karatasi zilijaa, zikaanza kuanguka sakafuni kwenye miguu yangu. Niliokota moja. Ilikuwa ya moto. Ilinuka moshi wa nyasi za paa.

"Mama," Pam alinong'ona, "kuna kitu kinaungua?"

Nilikaa chini sakafuni. Nikaomba, lakini maneno ya maombi hayakuja. Lilikuja jina.

"Mama yake Ogeto aliitwa Bonareri," nilisema.

Printa ikasimama.

Nilimweleza Pam yale ambayo sikuwahi kumweleza mtu. Kwamba watu walisema Bonareri anaroga. Kwamba siku moja ya kiangazi, mchana, kundi la watu lilipanda kutoka barabarani likimtafuta. Ogeto alikuwa kazini Kericho. Nilimwambia mama mkwe aingie ndani ya nyumba yake ya nyasi anyamaze, nikafunga kufuli kwa nje, ili wadhani hayupo. Yeye mwenyewe alikubali. Waliangalia kufuli, wakacheka, wakawasha paa. Mimi nilikuwa nimejificha kwenye majani chai. Baadaye niliutupa ufunguo chooni. Ogeto aliporudi alikuta majivu, na hakuwahi kuniuliza nani alifunga mlango.

Kompyuta yake ilikuwa inatumia betri. Akasogeza kiti.

"Niambie niandike nini," alisema.

Tuliandika ukurasa mmoja. Jina lake. Kwamba alimzaa Ogeto. Kwamba alisuka vikapu na kuimba sauti ya chini kanisani. Kwamba alifariki ndani ya nyumba iliyofungwa kwa nje, na aliyeifunga ni mke wa mwanawe. Pam aliuweka baada ya kava. Ukachukua nambari moja bila kuambiwa, na zile nane zikafuata, mbili mpaka tisa, kama zilivyokuwa zimekataa kubadilika.

Mvua iliisha. Pam akasukuma mlango kwa kidole, ukafunguka. Kufuli lake lilikuwa linaning'inia nje, wazi, kama alivyoliacha asubuhi. Ufunguo wake ulikuwa kwenye mkoba wake.

Vijitabu mia mbili vilikuwa tayari Alhamisi. Kurasa nane zilikunjwa na kushonwa pini vizuri. Ukurasa wa kwanza, kwa kuwa haukuwa na mwenzake wa kukunjwa nao, ulichomekwa ndani ukiwa karatasi moja huru.

Karatasi huru inaweza kutolewa.

Ijumaa alfajiri nilikaa jikoni nikazitoa, moja moja, mia mbili. Nitasema ukweli kwa nini. Waliokuja siku ile na moto ndio waliokuja kuchimba kaburi la Ogeto. Ndio waliobeba viti. Niliwapikia chai kwa jiko lililowashwa kwa karatasi hizo.

Ibada ilianza saa nne. Mzee wa kanisa alisimama mbele ya jeneza, akasema, "Ndugu zangu, fungueni ukurasa wa kwanza."

Nikasikia karatasi za vijitabu mia mbili zikifunguliwa. Kisha zikifungwa. Kisha zikifunguliwa tena. Mnong'ono ukaanza nyuma, ukaja mbele kama upepo kwenye migomba. Angwenyi alikuwa ameketi kando yangu. Aliinama akaninong'oneza, "Shemeji, ukurasa wa kwanza uko wapi?"

Nilikitazama kitambaa changu.

"Shemeji."

"Ni makosa ya mchapaji," nilisema.

Walianzia mbili. Ogeto alizikwa.

Tangu siku hiyo milango hunifungia ndani. Sina namna nyingine ya kusema. Jumapili nilifungiwa chooni mpaka Cynthia akaja kunifungua, na alisema komeo lilikuwa limesukumwa kwa nje. Jumanne nilifungiwa zizini. Jumatano, chumba cha kubadilishia nguo kanisani, mchana, watu wakiwa uani. Kila mara nasikia kwanza ule mlio. Kach. Halafu joto kidogo mgongoni. Watu hunifungua wakicheka, wananiambia ni uchungu wa msiba. Usiku naweka jiwe mlangoni ili usijifunge. Asubuhi nalikuta jiwe pembeni ya kitanda changu.

Kwa hiyo Jumanne ya wiki iliyofuata nilirudi kwa Pam. Nilimwambia nataka kuandika yote, tangu nilivyoshuka Ekerenyo na daftari, mpaka ibada na lile jiwe, ili nisimame Jumamosi, siku yetu ya Sabato, niyasome mbele ya kanisa. Pam aliacha kazi nyingine akaniandikia. Ni haya unayosoma. Mwishoni aliiambia kompyuta ianze na moja. Alichapa.

Ikatoka mbili.

Tulitazamana. Mlango ulikuwa wazi, jua linawaka, watu wanapita na mikungu ya ndizi. Pam aliuliza polepole, "Mama Cynthia, umeacha nini?"

Nilikuwa nimeacha hili.

Walipowasha paa hawakukaa. Walikimbilia barabarani kuangalia kwa mbali. Nilitoka kwenye majani chai nikafika mpaka mlangoni, ufunguo ukiwa mkononi. Moto ulikuwa bado upande wa nyuma. Kulikuwa na muda wa kuimba ubeti mzima. Bonareri alisikia miguu yangu. Alisema kwa sauti ya chini, kama tulivyokubaliana, "Mama Cynthia, wameenda?"

Walikuwa wameenda.

Nilimwambia, "Bado. Kaa kimya."

Akakaa kimya. Aliniamini. Nami nikarudi kwenye majani chai. Mwanangu wa pili alikuwa amekufa mwezi uliotangulia, na nilitaka awepo mtu aliyemuua.

Pam aliandika maneno hayo bila kuniangalia. Akachapa tena. Printa ikavuta karatasi, ikakwama, ikalia. Pam akafungua kifuniko, akarudisha mkono haraka akapuliza vidole vyake. Kisha akafunga leso mkononi, akaingiza tena, akatoa karatasi yenye nambari moja.

Ndani ya mkunjo wa karatasi kulikuwa na ufunguo. Mdogo, mweusi, wenye kipande cha uzi mwekundu niliouchomoa kwenye sweta langu mwaka ule na kuufunga mwenyewe. Choo kile kilifukiwa zamani. Juu yake tumepanda ndizi.

Leo ni Ijumaa, na haya ya mwisho nayaongeza kwa mkono. Kesho nitasimama kanisani nianze kusoma ukurasa wa kwanza. Sijui kama watanisikiliza mpaka mwisho. Ufunguo nimeuweka mezani, siku ya nne sasa, nimeumwagia maji mara mbili. Kitambaa cha plastiki cha meza kimeyeyuka chini yake, na ubao umeanza kuwa mweusi.

Haujapoa.