Nani Aliyefungulia Maji Kanisa?

Ciakuthii alikuwa mwenyekiti wa kikundi cha maji huko Mitunguu. Cheo chake kilikuwa na uzito wake: kwa simu, aliweza kufungua valvu ya maji ya shamba lolote, hata ya kanisa. Mumewe Bundi, mwanachama wa kawaida, aliweza kufungua yake tu.

Siku moja wote wawili waliweka programu mpya ya kunyweshea migomba. Programu iliomba ruhusa ya kupima unyevu wa udongo na ya kufungua valvu zote. Walibonyeza "Kubali" haraka, kama watu wanaosema amina kabla ya sala kuisha.

Asubuhi tangi lilikuwa tupu. Kila shamba lilikuwa limefurika. Hata kanisa, ambalo halina mgomba hata mmoja, lilikuwa limenyweshwa vizuri.

"Mwenyekiti, miche yangu imezama," jirani yao Mwiti alisema. "Hii ikitokea tena, tutachagua mwingine."

"Programu yangu haikugusa shamba la mtu," Bundi alijisifu. "Ina adabu kama mwenyewe."

Hapo Ciakuthii akashangaa. Programu ni ileile, ruhusa ni zilezile. Mbona ya Bundi ilitulia? Akamwita Kailemia, fundi wa mitambo.

"Mama Kendi," Kailemia alimuuliza, akimwita kwa jina la mwanawe, "kibarua wako anaweza kuuza mbuzi wa Mwiti?"

"Hata mimi siwezi!"

"Na mbuzi wako?"

"Nikimruhusu. Lakini nikimtuma jembe, alete jembe."

"Basi programu ni kibarua. Cheo kinasema wewe unaweza nini. Ruhusa inasema umeituma nini. Lazima vyote viwili vikubali. Bundi aliiruhusu ifungue zote, lakini yeye ana valvu moja. Wewe unazo zote, na ukaipa zote."

"Kwa hivyo niache uenyekiti?"

"La! Cheo kibaki. Punguza ruhusa."

Ciakuthii akaiachia programu mambo mawili: kupima unyevu, na kufungua valvu ya shamba lake pekee. Kesho yake migomba yake ilinyweshwa, kanisa likabaki kavu, na tangi likawa na maji. Mwiti alipanda miche mingine. Akamsalimu mwenyekiti bila kukunja uso.

Bundi alikuwa ameinamia simu, akiiamuru programu yake ifungue valvu ya Mwiti, aone kama nayo inaweza. Ilikataa.

"Lakini nimeikubalia kila kitu!"

"Umeipa usichokuwa nacho, Baba Kendi," Ciakuthii alisema. "Sasa nakutuma wewe. Lete jembe. Jembe tu."