Robo Saa Bombani

Nyumba ile ilikuwa na vyumba sita, ua mmoja na bomba moja. Bomba lilikuwa na kufuli. Ufunguo ulikaa shingoni mwa mama mwenye nyumba, kwenye uzi mweusi. Alipoinama kufungua, wapangaji walijipanga nyuma yake na ndoo zao, kimya, kama watu walioitwa kwa mkuu wa shule.

Majirani walimwita Mama Redio, naye hakuchukia. Habari ikiingia kwake asubuhi, mchana ilikuwa imeshafika dukani na kwa fundi viatu. Jioni ilirudi uani ikiwa imenenepa.

Kinyozi na mkewe walihamia chumba cha mwisho, karibu na ukuta. Walikuwa na miezi minne tu tangu waoane. Mume alinyoa watu kwenye kibanda kando ya barabara. Mke alipiga pasi kwa dobi, mtaa wa pili. Walikuja na kitanda, jiko, viti viwili na mbwa.

Mbwa huyo walimwokoa wenyewe. Mvua kubwa ilikuwa imenyesha, naye amekwama kwenye mtaro, maji yamemfika shingoni. Mke alivua viatu akashuka. Mume alisimama juu akimwambia aache mambo hayo, kisha akashuka na yeye. Walimtoa akitetemeka. Mguuni alikuwa na jeraha la meno ya mbwa mwingine. Walimfunika taulo la kibandani, na tangu hapo hakuwaacha.

Walimwita Mpangaji. Kinyozi alisema jina linamfaa, kwa kuwa anakula, analala na halipi kodi. Kila Jumapili alimwogesha kwa shampuu ya wateja, akampunguza manyoya kwa mashine. Watu walitania kwamba mbwa yule ametoka vizuri kuliko wateja wanaolipa.

Siku moja nesi wa chumba cha mbele aliuliza kama mbwa amechanjwa. Kinyozi alicheka. Alisema mbwa wake haendi jalalani, ananukia kama bwana harusi, sasa kichaa atakipata wapi? Nesi alitaka kujibu, lakini alikuwa anachelewa zamu. Maneno yakaishia mlangoni.

Jumamosi moja alasiri Mpangaji alianza kutoa udenda. Alikwaruza mdomo wake kwa mguu. Alisogelea bakuli la maji, akaliangalia, akaliacha. Mke alikuwa bado kazini. Kinyozi alidhani mbwa amekwamwa na mfupa. Alipiga magoti, akaingiza mkono mdomoni.

Mpangaji akauma.

Yalikuwa matundu mawili madogo, juu kidogo ya kifundo cha mkono. Sasa, kinyozi ni mtu aliyezoea damu. Wembe ukimkwaruza mteja nyuma ya sikio, dawa inajulikana. Unapaka spiriti kidogo. Unasugua shabu, lile jiwe jeupe la vinyozi. Damu inakata, mteja anakwenda zake. Basi naye alijitibu kama mteja. Alisugua shabu mpaka matundu yakajifunga. Akabandika plasta, akashusha mkono wa shati. Kisha akamfunga mbwa kamba nyuma ya chumba.

Hakumwambia mtu; mkewe alipouliza, alisema mbwa amekwamwa na mfupa, utatoka wenyewe. Alijua Mama Redio akisikia tu kwamba mbwa ameuma, Mpangaji hataliona jua likizama. Na mkewe, aliyeshuka mtaroni bila viatu, angelia wiki nzima. Alijiambia kidonda ni chake, na siri ni yake.

Lakini alikuwa ameoa mpiga pasi.

Jumatatu asubuhi mke alichukua shati lile, akalifua na kulipiga pasi kazini pamoja na nguo za wateja. Mtu wa kazi hiyo husoma nguo. Anajua doa la chai, la grisi, la mtoto aliyelia begani. Karibu na pindo la mkono aliona matundu mawili. Rangi ya damu ilikuwa imebaki kuyazunguka, nzito zaidi upande wa ndani. Damu ya mteja ingerukia nje. Hii ilitoka kwa mwenye shati.

Aliweka vidole viwili juu ya matundu. Akakumbuka udenda wa Mpangaji asubuhi ile. Harufu ya kuungua ndiyo iliyomrudisha. Pasi alikuwa ameiacha juu ya shuka la mteja.

Alipokuwa mtoto, baba wa rafiki yake aliumwa na mbwa. Kidonda kilipona. Wiki kadhaa zikapita, watu wakasahau. Kisha siku moja yule baba aliletewa kikombe cha maji, na mkono wake ukaanza kutetemeka. Alitamani maji na aliyaogopa maji. Siku ya nne walimzika. Mke alikuwa hajamsimulia mtu yeyote jambo hilo.

Alikimbia mpaka kibandani. Mumewe alikuwa amemnyoa mteja nusu ya kichwa. Mke aliushika mkono ule, akaupandisha mkono wa shati.

"Hiki nini?"

"Wembe," alisema kinyozi.

"Wembe una meno siku hizi?"

Kinyozi aliushusha mkono wa shati. Mke alimvuta nje. Mteja alijitazama kwenye kioo, nusu kipara, nusu msitu, akauliza kwa upole, "Na mimi je?" Walikuwa wameshavuka barabara.

Nesi alikuwa uani anaanika nguo. Mke alimwambia mbwa amemuuma mumewe. Nesi aliutazama mkono, akauliza aliumwa lini. Kinyozi akasema Jumamosi. Nesi aliitupa nguo aliyoshika kapuni.

"Kidonda kioshwe sasa hivi," alisema. "Sabuni, na maji yanayotiririka. Robo saa nzima." Kisha akamgeukia Mama Redio, aliyekuwa ameshasogea kusikiliza. "Mama, ufunguo."

Wapangaji wote walimtazama Mama Redio. Bomba lile halijawahi kuachwa wazi robo saa. Mtu akisuuza kikombe mara mbili huitwa mharibifu. Mama Redio aliutazama mkono wa kijana. Akauvua uzi shingoni, akafungua mwenyewe, akafungulia maji mpaka mwisho.

Nesi alibandua plasta. Ganda la shabu lilikuwa gumu. Alipaka sabuni povu likajaa, akamwambia kinyozi aendelee kuosha, asikwaruze na asiache.

"Ugonjwa wa kichaa cha mbwa unakaa kwenye mate ya mnyama," alimweleza. "Wembe hauna mate. Jino linaingiza mate ndani ya nyama. Wewe umeyafungia humo, ukatia kufuli."

"Nimechelewa, dada?"

"Umechelewa kuja. Lakini dalili hazijaanza, na chanjo inawahi kabla ya dalili. Zikianza, dawa hakuna. Kwa hiyo ni leo. Si kesho, wala si baada ya kuona mbwa atakuwaje."

Maji yalitiririka kuelekea mferejini. Hakuna aliyekinga ndoo. Mama Redio alishika saa mkononi akitaja dakika moja moja. Mke alisimama na taulo, midomo inacheza bila sauti.

Dakika ya tisa, seremala wa chumba cha tatu alipita na gongo akielekea nyuma ya chumba. Mama Redio alimwambia amalize kazi upesi. Nesi aliwazuia wote wawili. Aliwaeleza kwamba mbwa akiuawa na kutupwa, hakuna atakayejua alikuwa na nini. Na anayempiga anaweza kuumwa au kurukiwa mate, wawe wagonjwa wawili. Mbwa afungiwe peke yake, asiguswe na mtu, aangaliwe siku kumi tangu siku aliyouma. Yeye atampigia simu daktari wa mifugo.

"Siku kumi, uani kwangu?" aliuliza Mama Redio.

"Kwenye stoo yako, mama. Ina mlango mzuri."

Hospitalini kinyozi alichomwa sindano ya kwanza ya chanjo begani. Kwa kuwa jino lilitoboa ngozi, alichomwa pia dawa nyingine kuzunguka kidonda. Hiyo iliuma mpaka akaikunja kofia ya mtu aliyekaa jirani akidhani ni yake mwenyewe. Alipewa kadi yenye tarehe za sindano zilizobaki. Mhudumu alimwonya asiruke hata tarehe moja, hata akijisikia mzima kama chuma.

Alasiri daktari wa mifugo alifika. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye glavu nene na fimbo yenye kitanzi. Alimkamata Mpangaji kwa kitanzi, akamchoma dawa ya usingizi. Mbwa alipolala, alimfungua mdomo kwa koleo na kumulika kwa tochi. Kipande cha mfupa kilikuwa kimekwama juu, kati ya magego. Akakitoa.

Uani kulilipuka vicheko. Mke alimkumbatia seremala, na gongo lake bado mkononi. Daktari hakucheka.

"Mfupa umeonekana," alisema. "Kichaa hakionekani kwa tochi. Mbwa huyu ana kovu la kuumwa, na hamjui aliumwa na nani."

Aliwaeleza kwamba mbwa mwenye kichaa naye hutoa udenda na kushindwa kumeza, kama aliyekwamwa. Ndiyo maana mtu haingizi mkono. Anamfungia mnyama, anaita mtaalamu. Mke alimwomba amchanje Mpangaji papo hapo. Daktari alikataa. Chanjo inamkinga mnyama mzima, alisema, haimtibu aliyekwisha kuugua. Kwanza siku kumi ziishe. Zilikuwa zimebaki nane.

Siku nane hizo zilikuwa ndefu. Chakula cha Mpangaji kilisukumwa chini ya mlango kwa ufito. Mama Redio alichora mstari wa chaki mlangoni kila asubuhi. Mke alichungulia kwenye ufa kabla ya kwenda kazini, akitafuta udenda, macho mekundu, miguu inayoyumba. Mbwa naye alimtazama tu, masikio juu, kama anayeuliza kosa lake.

Mtaani kulikuwa na mengine. Mteja wa nusu kichwa alikwenda kumaliziwa kwingine na kusimulia. Mama Redio alisimulia pia. Siku ya tano ilishasemwa kwamba kinyozi anabweka. Kibanda kilikaa kitupu, wembe mkavu. Nesi alimfuata Mama Redio jikoni, akafunga mlango. Alimwambia kijana hajaugua, anazuia ugonjwa. Na kama mtaa utaona aliyekwenda hospitali anachekwa, atakayeumwa kesho atajificha kama kinyozi alivyojificha, na huyo watamzika. "Mdomo wako unafika mbali kuliko zahanati," alimwambia. "Upeleke maneno ya kweli."

Mama Redio alikoroga chungu mpaka mboga ikaiva. Mchana ule alikwenda dukani kusema ukweli, kisha akakaa kibandani kwa kinyozi na kudai anyolewe nyusi, mbele ya watu wote.

Lakini hofu kubwa ilikuwa chumbani. Kila asubuhi mke alimpa mumewe glasi ya maji.

"Kunywa nikuone."

Alikunywa. Mke alihesabu mafunda. Siku ya nane kinyozi alipokea glasi, akaitazama, akairudisha. Mke aliona kikombe cha zamani, na mkono unaotetemeka. Akakaa sakafuni.

"Mke wangu, una nini?"

"Kwa nini hunywi?"

"Kuna nzi."

Mke alichungulia. Nzi alikuwa anaogelea. Alicheka mpaka machozi yakatoka, kisha yakaendelea kutoka kicheko kilipokwisha. Hapo ndipo alipomsimulia habari za baba wa rafiki yake. Kinyozi alimsikiliza hadi mwisho. Alimtoa nzi, akamwaga maji, akajaza mengine, akanywa glasi nzima akimtazama mkewe. Akamwambia hatamficha tena kidonda, hata cha mwiba.

Siku ya kumi ua ulijaa. Watu walikuja hadi kutoka mtaa wa pili, mmoja wao yule mteja wa nusu kichwa, nywele zake zimeanza kuota. Daktari wa mifugo alifungua stoo. Mpangaji alitoka akinyoosha mgongo. Daktari aliweka bakuli la maji katikati ya ua, akarudi nyuma.

Mbwa alilinusa bakuli. Mke alifumba macho. Kisha akasikia ulimi ukipiga maji, chwapu, chwapu, chwapu, bila kukata.

Daktari alimpima, akasema Mpangaji hakuwa na kichaa siku aliyouma. Papo hapo akamchanja na kuwaandikia kadi yake, akawaambia warudie chanjo kila mwaka. Mama Redio alikuwa ameshapita nyumba kwa nyumba tangu alfajiri. Kabla ya adhuhuri mbwa kumi na wawili na paka watano walikuwa wamepanga foleni uani, wakizomeana kama abiria.

Kinyozi alimaliza sindano zote kama daktari wa hospitali alivyoamua. Kadi aliitundika kando ya kioo. Wembe ukiwa shingoni mwa mteja, humwuliza kama mbwa wake amechanjwa, na mteja hujibu kwa adabu. Shabu bado anayo, kwa ajili ya wembe tu.

Na lile kufuli la bombani halipo. Mama Redio alilitoa siku moja bila kumwambia mtu. Badala yake alining'iniza kipande cha sabuni ndani ya wavu, akasema aliyeumwa asianze kutafuta ufunguo. Sabuni ya kwanza iliibwa siku ya pili. Mama Redio alitangaza. Ikarudi kabla ya saa sita mchana.