Pamba Amestaafu

Kila siku nikitoka shule nilivua sare, nikawapa mbwa maji, kisha nikashika kalamu. Shangazi yangu ni mshonaji. Humzungushia mteja tepu, akataja namba huku mdomo umejaa pini, nami naandika kwenye daftari la vipimo: bega, kifua, kiuno, nyonga. Mwandiko wake mwenyewe hausomeki hata na yeye, ndiyo maana akanipa kazi hiyo na jina la Katibu.

Nyuma ya chumba cha kushonea kulikuwa na ua mdogo wenye banda, na humo aliishi Pamba, mbwa jike mweupe mwenye masikio ya kahawia. Watoto wake walikuwa walinzi hodari na watu waliwagombea. Alikuwa amezaa mara tano. Mara ya tano, akiwa na miaka saba, wawili walitoka wamekufa, na Pamba akalala siku tatu hawezi kusimama. Nilimnywesha maziwa kwa kijiko huku nalia, mpaka Shangazi akachuchumaa kando yangu.

"Katibu, nyamaza. Pamba amestaafu. Hazai tena. Kuanzia leo si mbwa wa biashara, ni mbwa wako."

Nilimwamini kabisa. Darasani nikatangaza kwamba nina mbwa mstaafu. Wenzangu walipouliza kama anapokea pensheni, niliwajibu kuwa anapokea kila Jumamosi, tena mifupa mitupu. Tulicheka sana.

Miezi kadhaa baadaye, likizo ilipofika, nikaenda kwa bibi wiki tatu. Wiki chache baada ya kurudi, niliona Pamba ananenepa.

"Si amestaafu?" Shangazi akasema akicheka. "Anakula na kulala. Wastaafu wote huota kitambi."

Nami nikacheka, na kesho yake nikaupeleka utani huo shuleni.

Siku moja Shangazi aliniomba nimtafutie vipimo vya mteja wa zamani. Nilipofunua daftari, nikakuta ukurasa ambao sikuuandika mimi. Juu paliandikwa "Bi. P." kwa mwandiko wa Shangazi, nikausoma kwa taabu. Hapakuwa na bega, kifua wala nyonga. Kulikuwa na kiuno tu, kila Jumatatu: 61, 63, 66, 70, 75.

"Shangazi, huyu Bi. P. anakula nini?" nikauliza. "Ukimaliza gauni lake, litakuwa halimwingii!"

Cherehani ikanyamaza. Shangazi hakucheka. Akatoa pini mdomoni moja moja, akazichomeka kwenye kimto chake cha pini.

"Funga daftari," akasema.

Hapo ndipo nilipoelewa. Hakukuwa na mteja. P. alikuwa Pamba, na zile namba zilikuwa za tumbo lake.

"Ana mimba!"

"Mara ya mwisho tu. Kuna mwenye ghala mmoja amening'ang'ania, anataka watoto wa Pamba, hataki wa mbwa mwingine. Nikampandisha kwa dume ulipokuwa kwa bibi."

"Ulisema amestaafu!"

"Nilisema ili usilie. Wewe bado mdogo, mambo haya huyajui."

Iliniuma sana. Afadhali angenikatalia tangu mwanzo. Alinipa neno tamu, kisha akasubiri nigeuze mgongo, na niliporudi akacheka pamoja nami huku kila Jumatatu akipima tumbo la mbwa aliyesema ni wangu. Nilimwachia kalamu mezani, nikaenda kukaa bandani. Alipoita "Katibu!" sikuitika.

Jumamosi mchana Pamba akaanza uchungu. Alisukuma, akahema, akasukuma tena. Saa mbili zikapita, hajatoka hata mtoto mmoja.

"Tungoje kidogo," Shangazi akasema.

Sikungoja. Nilikimbia hadi kwa daktari wa mifugo, mwisho wa barabara yetu, na tukarudi naye mbio. Alipomgusa Pamba tumbo, uso wake ukabadilika.

"Huyu lazima apasuliwe sasa hivi. Ana miaka mingapi?"

"Mitano," Shangazi akajibu haraka.

Daktari aliuangalia mdomo wa Pamba, ambao ulikuwa umeota mvi, kisha akaniangalia mimi. Kumpinga shangazi yangu mbele ya mgeni lilikuwa jambo zito. Lakini Pamba alikuwa amelaza kichwa kwenye mguu wangu, anatetemeka.

"Ana minane, Daktari," nikasema. "Na huu ni uzazi wa sita."

Shangazi akainamisha macho.

"Asante, binti. Dawa ya usingizi ya mbwa mzee hupimwa kwa uangalifu zaidi. Ningempa kama kijana, huenda asingeamka."

Tulimbeba Pamba hadi kwake, tukangoja kwenye benchi nje ya chumba cha upasuaji. Hatimaye alitoka akijifuta mikono. Watoto walikuwa watatu, mmoja tu ndiye mzima. Pamba alikuwa hai, na daktari alikuwa amemtoa kizazi.

"Nyumbani kuna jike mwingine?" akauliza.

"Yupo binti yake wa uzazi uliopita, ana miezi tisa," Shangazi akasema kwa sauti ndogo. "Nilitaka akiingia joto tena na kutaka dume, nimpandishe."

"Mama, huyo ni mtoto. Kuingia joto si kukomaa, mwili wake bado unakua. Ngoja atimize miaka miwili, umlete nimpime kwanza. Akizaa, mpumzishe mwaka mzima. Akifika mitano, sita kwa kuchelewa sana, acha kabisa."

Wiki iliyofuata mwenye ghala akaja hadi uani, nikiwa bandani na Pamba. Shangazi alimwambia hakuna watoto wa kumpa, yule mmoja aliyepona anabaki na mama yake.

"Basi mpandishe yule binti yake."

"Bado mdogo. Uliza baada ya mwaka na miezi mitatu."

"Lakini si uliniahidi?" akafoka.

"Nilikuahidi wewe, na nilimwahidi mtoto huyu," Shangazi akasema, akininyooshea mkono. "Ahadi mbili zisizoweza kwenda pamoja. Nimechelewa kuchagua, ila nimechagua."

Mwenye ghala aliondoka amenuna. Shangazi akaja kukaa karibu nami bandani, juu ya saruji, na gauni lake zuri.

"Sikuombi ucheke," akasema. "Nilikudanganya ili unyamaze, halafu nikamdanganya daktari ili nisiaibike, na uongo wa pili nusura umuue. Mnyama hawezi kusema amechoka. Umri wake ndio unaomsemea, na anayemfuga hana haki ya kuuficha."

"Bado nina hasira, Shangazi," nikamwambia.

"Najua. Kaa nayo. Mimi sitakuambia tena uko mdogo."