Kiti cha Mkumbushaji

Fundi sauti aliusikia mstari mara mbili.

Kwanza ukaja mnong'ono, mkavu, wa mtu anayesoma kwenye karatasi: mlango huo usiufunge, mwanangu. Nusu sekunde baadaye Mama Pazia, akiwa mbele ya kamera na shali begani, akafungua mdomo na kusema kwa ile sauti iliyowaliza watu kwa miaka thelathini na mmoja: "Mlango huo usiufunge, mwanangu."

Fundi akabonyeza hedifoni sikioni kwa kidole, kama alivyofanya mara mia kwa siku. Mwangwi, alifikiri. Lakini mwangwi hufuata nyuma. Huu ulitangulia, na katika Physics yote aliyoimeza miaka minne chuoni hakukuwa na jina la kitu hicho. Ndiyo, alikuwa na digrii. Uhandisi, first class, picha ya joho imetundikwa sebuleni kwa mama yake. Na kazi yake ilikuwa kushikilia kijiti kirefu chenye maikrofoni kwenye ncha, mikono juu kutwa nzima kama mwizi aliyesalimu amri. Wakubwa walisema vijana wajiajiri. Basi amejiajiri; kijiti ni chake mwenyewe.

"Kata! Kata!" Mwongozaji, ambaye kwa sababu hiyo hiyo watu walimwita Katakata, aliruka kutoka kitini. "Teki moja tu! Mmeona? Kuna watu wanakuja hapa na followers laki tano, na salamu tu hawawezi kukariri!"

Watu wakapiga makofi. Mama Pazia hakutabasamu. Alizunguka seti, akashika kiti, akakiacha, akaenda dirishani, akarudi. Tangu upigaji picha uanze hakuna aliyemwona amekaa.

Alianzia jukwaani, enzi ambazo malkia alivaa taji la kadibodi na viatu vyake vya nyumbani. Miaka kumi na miwili kikundi chao kilizunguka kwenye kumbi, naye hakutoka kamwe kabla pazia halijafunguka lote. Ndipo jina likamganda. Halafu runinga: miaka tisa alikuwa mama mkwe katili kwenye tamthilia, hadi wauza mboga wakawa wanamzomea sokoni, "Mwache mtoto wa watu!" Halafu sinema, nafasi za bibi anayekohoa na kufa dakika ya kumi. Sasa, akiwa na miaka sitini na miwili, alipewa filamu nzima abebe yeye, kurasa tisini na nne. Waliotoa hela walimweleza bila kuremba: ukianza kusahau, tunaweka mwingine.

Na alikuwa anasahau. Binti yake, ambaye ndiye aliyemsimamia kazi, alimkuta zaidi ya mara moja ameshika sufuria huku akilitafuta neno sufuria. Walikuwa wamepanga binti ajifiche chini ya meza na kuisoma mistari kwa sauti ya chini. Haikuhitajika. Siku ya kwanza tu mama aliingia na kila neno mahali pake, na binti akashukuru Mungu.

Wakati wa chakula cha mchana fundi alimvuta pembeni, akamvalisha hedifoni.

"Dada, sikiliza. Usiseme kitu kwanza."

Binti alisikiliza. Uso ulibadilika taratibu, kama chai inayopoa.

"Nani mwingine amesikia?"

"Mimi tu."

"Usimwambie Katakata. Huyo ataifanya tangazo la filamu."

"Sasa ni nani yule?"

"Hata sijui. Ila nyumbani pia yupo." Akatazama nyuma yake. "Wiki ya tatu hii, mama hajaniita jina langu. Aliniita Kijiko tangu nina miaka miwili, nilikuwa nalala kwenye chumba cha kubadilishia nguo nimekumbatia kijiko, ndiyo mwanasesere wangu. Sasa ananiita mwanangu. Mama yangu! Hata nilipofeli mtihani wa mwisho alisema, Kijiko, wewe ni mzigo. Jana namuuliza chai niweke sukari, ananijibu, 'Weka, mwanangu, maisha yenyewe yana uchungu wa kutosha.' Nani anajibu hivyo kuhusu sukari?"

Fundi alitaka kucheka. Kicheko kikakataa kutoka.

Wakaenda chumba cha vipodozi, saa saba mchana, jua kali limejaa dirishani. Mama Pazia alikuwa peke yake, anatembea kati ya kioo na mlango, kioo na mlango. Chumba kilinuka utambi wa taa uliotoka kuzimwa, ingawa hakukuwa na taa ya utambi jengo zima. Fundi akawasha mashine, akavaa hedifoni.

"Mama," binti alisema. "Nani anakusomea?"

Hakuna mtu, mwanangu, ukasema mnong'ono masikioni mwa fundi. Umechoka, kapumzike.

"Hakuna mtu, mwanangu," alisema Mama Pazia. "Umechoka, kapumzike."

"Niite jina langu."

Fundi akasikia ukurasa ukifunuliwa. Mwingine. Mwingine tena, haraka, kama mtu anayetafuta kitu alichokuwa na hakika kimo, na Mama Pazia akiwa amesimama mdomo wazi, anangoja, macho yamemtoka kama mtu aliyeshikiliwa shingo.

"Kijiko!" binti alilia. "Mimi ni Kijiko! Sema Kijiko, mama, please!"

Kurasa zikatulia. Kitu kikakwaruza, kama kalamu juu ya karatasi. Na katika upenyo huo, wakati hapakuwa na mnong'ono wowote, sauti nyingine ikatoka kwa Mama Pazia, ya chini, ya kizee, isiyo na mafunzo hata kidogo.

"Niligusa sikio," alisema.

Kisha akaeleza mbiombio, kama mtu anayefukuzwa. Kwenye kikundi cha zamani kulikuwa na mkumbushaji, mama mmoja aliyeketi nyuma ya pazia la pembeni na kitabu cha mchezo mapajani na kitaa kidogo cha mafuta. Mwigizaji aliyepotelewa na maneno aligusa sikio, naye alimtumia mstari. Sheria ilikuwa moja: usigeuke kumtazama, watazamaji watajua. Yule mama alipofariki, kikundi kilikiacha kiti chake pale pale na kitabu kikiwa wazi juu yake, kwa heshima. Usiku wa mwisho kabla ya kuhamia runinga, Mama Pazia alikwama katikati ya onyesho. Mkono ukaenda sikioni wenyewe, kwa mazoea.

"Na mstari ukaja," alisema. "Sikugeuka. Nilijua kiti hakina mtu, na sikugeuka. Nikakichukua kile kitabu nikaenda nacho nyumbani, sikukifunga, niliogopa kukifunga. Miaka yote sikuomba tena. Mwezi uliopita nikasema, mara moja tu, nimalize filamu..."

Mwanangu, ukasema mnong'ono, na safari hii ulikuwa karibu mno na maikrofoni, nimepatwa na kizunguzungu kidogo.

"Mwanangu," alisema Mama Pazia kwa sauti nzuri, ya jukwaani, "nimepatwa na kizunguzungu kidogo."

Mtaalamu wa kutoa majini, aliyeitwa na binti, alikuja nyumbani kwao kesho yake saa nne asubuhi. Alikuwa mzee mfupi mwenye mkoba wa plastiki na miwani iliyofungwa uzi, na hakuwa na mbwembwe zozote. Alipouliza na kujibiwa, alitikisa kichwa.

"Basi hamna aliyemroga mtu hapa. Ameomba, amepewa. Kugusa sikio ndiyo kuomba. Kuanzia leo, mama, hilo sikio hata likiwasha, liache liwashe." Akamgeukia fundi, aliyekuja na mashine yake. "Mashine yako iache inase, tutajua kama kimetoka. Lakini hayo madude ya masikioni vua. Kikitoka kisikute sikio lililo wazi."

Fundi akavua. Kitabu cha zamani kikatolewa sandukuni, kurasa za njano, wazi palepale kilipoachwa. Mtaalamu akachoma kafuri, akaanza kusoma dua.

"Nani wewe?" aliuliza mwishowe.

"Wa kitini," kinywa cha Mama Pazia kikajibu. "Niliitwa nikaja."

"Kiti hakina kazi tena. Toka."

"Kitabu kiko wazi."

Mtaalamu akasoma kwa nguvu zaidi, na harufu ya utambi ikazidi kafuri, na vikombe kwenye kabati vikaanza kugongana polepole kama meno ya mtu mwenye homa, na Mama Pazia akawa anazunguka chumba, mkono wake wa kushoto ukipanda kuelekea sikioni na binti akiushusha, ukipanda tena akiushusha tena, akimwita mama, mama, nitazame mimi, hadi mtaalamu mwenyewe akakwama katikati ya dua, akarudia neno, akalirudia mara ya tatu, jasho likimtiririka ndani ya miwani, akajikuna sikio kwa kidole kama wazee wanavyojikuna wakitafuta kitu kichwani, halafu akaendelea, na safari hii maneno yakamiminika laini, bila kukwama, kwa sauti isiyotetemeka hata kidogo, akakinyakua kitabu akakifunga kwa kishindo, akakizungushia uzi mara saba, akakitia kwenye ndoo ya maji.

Vikombe vikatulia. Harufu ikakatika kama imekatwa kwa kisu.

Mama Pazia akaketi. Kwa mara ya kwanza baada ya wiki tatu alikaa kwenye kiti, kwa uzito, kama mtu aliyetoka safari ya mbali. Akamtazama binti yake.

"Kijiko," alisema.

Binti akaanguka mapajani mwake, akalia kwa kelele kama mtoto. Mtaalamu akakusanya vitu vyake na kuwaaga kwa maneno matamu sana, maneno ya kupangwa vizuri, hata fundi akashangaa kidogo. Mzee aliingia akiongea kwa mkato.

Fundi alitoka barazani akafunga nyaya zake. Mle ndani alisikia mama na mwana wakicheka. Alifurahi, kwa kweli alifurahi, na hakuwa mtu wa kufurahi ovyo. Akavaa hedifoni ili ahakikishe tu kwamba rekodi ipo kabla ya kuzima mashine. Akarudisha hadi mwisho.

Vikombe vinatulia. Kiti kinalia, mtu anaketi.

Kijiko, ukasema mnong'ono, kwa uangalifu, kama mtu anayesoma neno aliloandika mwenyewe.

"Kijiko," ikasema sauti ya Mama Pazia.

Akarudisha nyuma zaidi, kabla ya kitabu kufungwa, pale mzee alipojikuna. Dua ya mwisho yote, kila neno lake, ilikuwa imesomwa mara mbili, kwanza na yule mwingine, kisha na mtaalamu.

Alisimamisha rekodi, akazima mashine. Alijua la kufanya: aingie, aseme. Binti wa watu amefurahi, ndiyo, lakini aseme.

Mlango ukafunguka. Binti alikuwa amesimama kizingitini, macho mekundu, anatabasamu, na nyuma yake Mama Pazia ameketi wima kwenye kiti, anamtazama fundi bila kupepesa.

"Kaka, umesikiliza?" aliuliza binti. "Kimetoka kweli?"

Fundi akafungua mdomo. Maneno hayakuja; yalimpotea yote, kama mtu aliyesukumwa jukwaani mbele ya umati. Akabonyeza hedifoni sikioni kwa kidole, mazoea tu, ili apate kufikiri.

Mashine ilikuwa imezimwa. Ukurasa ukafunuliwa.

Kimetoka kabisa, dada, ukasema mnong'ono. Kaeni kwa amani.

"Kimetoka kabisa, dada," alisema fundi sauti, na kidole chake bado kilikuwa sikioni. "Kaeni kwa amani."